Kibati, Semuliki, Kididiwe: brigedi moja ya nchi tatu na swali la nani anakuja ukiita

Kila nchi zetu zikisaini makubaliano ya kijeshi picha ni zilezile, makamanda wamejipanga mstari, bendera nyuma, bendi inapiga, afu kuna mazoezi ya pamoja ya wiki mbili tatu na siku ya kufunga helikopta inashusha makomandoo kwa kamba mgeni rasmi akiangalia. Sina ugomvi na hayo, mazoezi yana maana kubwa na ntayarudia huko chini. Ila kwangu ushirikiano wa majeshi una kipimo kimoja ambacho kwenye picha hakionekani. Kikosi cha nchi moja kimezingirwa porini, ni saa mbili usiku, mtu wa redio anaita. Nani anakuja? Anafika saa ngapi, na anakuja na nini mkononi?

Kisa ninachotaka tukichambue ni cha ile brigedi ya UN huko mashariki mwa Congo, FIB, ambayo wabongo, Wamalawi na Waafrika Kusini walipigana bega kwa bega. Nakichagua kwa sababu kinatuhusu moja kwa moja, watu wetu wamekufa pale, na kwa sababu ndani ya brigedi hiyohiyo moja kuna ushindi mkubwa na kuna usiku mbaya kabisa, na tofauti kati ya hayo mawili haikuwa ujasiri wa askari. Ujasiri ulikuwepo siku zote.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkubwa, makao makuu ya Kivu Kaskazini, na MONUSCO, misheni ya UN ya kulinda amani Congo, ilikuwepo pale pale, ina walinda amani maelfu nchini kutoka India, Uruguay, Pakistan na kwingine, ina deraya na helikopta, na mji ukachukuliwa wakiwa wanaangalia. Waasi walikaa kama siku kumi wakatoka kwa mazungumzo, ila hasira za watu wa Goma hazikutoka nao. Nchi za Maziwa Makuu na za SADC zikawa tayari zinazungumzia kikosi cha Kiafrika cha kwenda kupigana kweli, na mwishowe wazo hilo likaingizwa ndani ya UN. Februari 24, 2013 nchi 11 zikasaini mkataba wa amani na ushirikiano pale Addis Ababa, na Machi 28 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098 la kuunda brigedi ya kuingilia kati, na wakaandika kabisa kwamba ni jambo la kipekee lisichukuliwe kama mfano wa baadaye. Askari 3,069. Batalioni tatu za miguu, moja Tanzania, moja Afrika Kusini, moja Malawi, pamoja na mizinga na kombania ya makomandoo na upelelezi. Kazi yao haikuwa kulinda tu, walipewa ruhusa ya kuwafuata waasi walipo na kuwaondoa, wakiwa peke yao au pamoja na jeshi la Congo, FARDC.

Sasa hebu angalia mnyororo wenyewe wa amri wa wakati ule. Kamanda wa brigedi ni Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Juu yake kamanda wa majeshi yote ya MONUSCO ni Mbrazil, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz. Juu ya huyo kuna bosi wa kiraia, kuanzia Agosti 2013 ni Mjerumani Martin Kobler. Pembeni kuna FARDC wenye kamandi yao wenyewe inayoishia Kinshasa. Helikopta za kushambulia mwanzoni ni za Ukraine. Na kila batalioni, hili watu huwa hawalisemi, ina simu ya nyumbani, maana hakuna serikali inayompeleka kijana wake vitani kisha ikafunga masikio. Kwa hiyo pale kilimani ambapo wewe unaona kofia za bluu zote zinafanana, kuna nchi nne tano zinazofanya uamuzi kwa wakati mmoja.

Chukua jambo moja dogo tu, kuomba mizinga. Kijana yuko kwenye kilima anaona mota ya adui inapiga kutoka nyuma ya shamba la migomba. Anatakiwa kusoma ramani, atoe namba za mahali, aseme redioni, watu wa mizinga walio kilomita kadhaa nyuma wapige moja ya majaribio, yeye arekebishe, ongeza mia mbili, kulia hamsini, hapo hapo, piga. Ikiwa wote ni jeshi moja waliosoma chuo kimoja hilo linakwenda kwa dakika chache. Ila kama anayeona ni askari wa FARDC anayetumia Kifaransa na Kilingala, mwenye mizinga ni Mtanzania, walio mbele kabisa kwenye mstari ni Waafrika Kusini na redio zao ni aina nyingine, basi kila neno linapita kwenye midomo mitatu, na ukikosea hesabu ya mia mbili hiyo ndo unaangusha kwenye vichwa vya wenzako. Ndo maana kwenye ushirikiano wa kweli kuna watu wanaitwa maofisa uhusiano, mnakaa nao hema moja, huyu wa kwangu kwako na wa kwako kwangu, kila mmoja na redio ya jeshi lake. Ni kazi isiyo na sifa yoyote lakini bila hiyo hakuna kitu.

Kwenye lugha brigedi ilikuwa na bahati yake. Mashariki mwa Congo ni nchi ya Kiswahili, kile chao, askari wa kutoka Tanga akisikia mama anakimbia barabarani anasema "banakuya!" hahitaji mkalimani kujua kwamba wanakuja. Wengi wa FARDC waliohudumu huko pia wanakisema. Wamalawi wa kaskazini upande wa Karonga wengine wanakielewa. Sijui kama kuna misheni nyingine ya UN ambayo askari wa kigeni waliweza kukaa na wenyeji wakaongea namna ile, na taarifa za kijasusi zilizo nyingi huanzia hapo, kwa mtu kukwambia kuna watu wageni nimewaona mtoni jana.

Mwishoni mwa Julai 2013 MONUSCO ikatangaza eneo la usalama kuzunguka Goma hadi Sake, mtu yeyote mwenye silaha asiye askari wa serikali akapewa saa 48 azisalimishe. Wiki za mwisho za Agosti mapigano yakawaka Kibati, kaskazini kidogo tu ya Goma, barabara ya kwenda Rutshuru, kwenye vilima vya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Pale ndipo FIB iliingia vitani kwa mara ya kwanza, mizinga, helikopta za Ukraine zikipiga kutoka juu, FARDC wakipanda mbele. Agosti 28 tukampoteza meja mmoja wa JWTZ kwa kombora la M23, na wenzake kadhaa wakajeruhiwa, Watanzania na Waafrika Kusini. Siku mbili baadaye waasi wakarudi nyuma kutoka Kibati. Mimi nakumbuka vizuri habari ile ilivyopokelewa hapa nyumbani, wengi hata hawakujua kwamba tuna watu vitani.

Oktoba 25 duru ya mwisho ikaanza na ilikwenda haraka kuliko yeyote alivyotegemea. Kibumba, Kiwanja, Rutshuru, kambi ya Rumangabo, Bunagana mpakani na Uganda, yote ndani ya kama wiki moja. Kiwanja tena tukapoteza ofisa mwingine, luteni. Waasi wakabaki kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi, na hapo helikopta za Afrika Kusini aina ya Rooivalk zikapigana kwa mara ya kwanza tangu zitengenezwe. Novemba 5, 2013 M23 ikatangaza imeacha vita, makamanda wake wakavukia Uganda.

Kwa nini ilifanikiwa? Hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanajibu haraka, eti kwa sababu ilikuwa na ruhusa ya kushambulia. Ruhusa ilisaidia, ila hiyohiyo ruhusa walikuwa nayo 2017 pia na utaona kilichotokea. Mi naona kubwa ni kwamba brigedi ilikuwa pamoja, mahali pamoja, mbele yake adui mmoja mwenye mstari wa mbele unaoonekana, mwenye sare na vilima vyake, na nyuma yake kuna uwanja wa ndege wa Goma, hospitali, barabara, kila kitu ndani ya mwendo mfupi. Majeruhi akipigwa Kibati, Goma ni hapo hapo chini. La pili ni FARDC ya wakati ule. Serikali ilibadilisha makamanda, akaja Jenerali Lucien Bahuma na Kanali Mamadou Ndala na batalioni yake ya makomandoo, watu waliokuwa mbele na askari wao, na Ndala watu wa Goma walimbeba juu juu kama mtoto wao. FIB haikupigana badala ya FARDC. Walioshika ardhi ni Wacongo, brigedi iliwapa mizinga, anga, mipango na watu wa kusimama ubavuni, na huo ndio ushirikiano unaodumu maana siku mgeni akiondoka mwenye nyumba anabaki kashika funguo. La tatu siyo la kijeshi kabisa. Wataalamu wa UN walishaandika kwamba M23 inasaidiwa na Rwanda, Rwanda ikakataa na inakataa hadi leo, lakini wafadhili wakubwa walikata misaada na simu zikapigwa Kigali, na safari ile waasi hawakupata msaada wa kuwaokoa.

Ndala aliuawa Januari 2, 2014 karibu na Beni. Bahuma akafariki kwa ugonjwa Agosti mwaka huohuo. Yani ndani ya miezi michache wale watu wawili ambao FIB ilikuwa inajua inafanya kazi na nani hawapo tena. Ukiangalia yaliyofuata huwezi kulichukulia jambo hilo kama dogo, kwenye ushirikiano wa majeshi kuna makaratasi na kuna watu, na makaratasi hayajui kupokea simu saa tisa usiku.

Na siasa ikaingia. Mei 2013 Rais Kikwete alikuwa ameshauri Rwanda iongee na FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda waliojichimbia Congo, Kigali ikakasirika mno, uhusiano wa nchi mbili za Jumuiya moja ukachacha. Baada ya M23 zamu ilikuwa ya FDLR, wakapewa hadi Januari 2, 2015 wawe wamesalimisha silaha, hawakusalimisha, operesheni ya pamoja ikapangwa, na hapo Kinshasa ikateua majenerali wawili kuiongoza ambao UN ilikuwa imewaweka kwenye orodha ya watuhumiwa wa ukiukaji wa haki za binadamu. UN ikasema hatuwezi kuwasaidia hao, Kinshasa ikasema basi hatuhitaji msaada wenu, na ushirikiano wa FARDC na MONUSCO ukaganda karibu mwaka mzima. Kila upande una hoja yake hapo na mimi naona UN ilikuwa sahihi kutofunga macho. Ila gharama yake ilikuwa ni hii, wakati wakubwa hawaongei, kule Beni ADF, waasi wenye asili ya Uganda, walikuwa wanachinja watu vijijini, tangu Oktoba 2014, kwa mapanga, usiku, familia nzima nzima. Na Mei 2015 Watanzania wawili waliuawa kwenye shambulio la kuvizia hukohuko Beni.

Beni siyo Kibati. Ni msitu. ADF hawana mstari wa mbele, hawana kilima cha kukiteka ukapiga picha na bendera, wanajua njia za msituni kwa miaka na miaka maana wamekuwepo tangu miaka ya 90. Brigedi iliyoundwa kama ngumi moja ikafunguliwa vidole, kombania huku, platuni kule, vituo vidogo kwenye barabara ndefu. Barabara mojawapo ni ile ya Mbau kwenda Kamango, inakata msitu kuelekea upande wa Uganda, na kuna daraja la mto Semuliki, na hapo ndipo Watanzania walikuwa na kituo chao.

Septemba 2017 kituo cha Mamundioma, kwenye eneo lilelile, kilishambuliwa, askari wetu mmoja akafa. Oktoba kikashambuliwa tena, wawili wakafa na wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Soma tena hizo tarehe. Adui alikuwa anapima. Anapiga, anaangalia msaada unakuja kutoka wapi, kwa njia gani, baada ya muda gani.

Desemba 7, 2017 jioni giza likiingia wakaja Semuliki, wengi, na silaha nzito, wamejipanga kama jeshi. Vijana wetu walipigana kwa saa nyingi usiku ule. Taarifa za kwanza zilisema 14 wameuawa, baadaye ikawa 15, majeruhi zaidi ya 40. Katibu Mkuu Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa UN katika historia ya karibuni. Miili ikarudishwa Dar es Salaam, na sisi tuliokuwa tunaangalia majeneza yakishushwa, yamefunikwa bendera, kila mtu alikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza kwa sauti kwenye msiba, walipoita, nani alikuja?

UN ikaunda timu ya uchunguzi ikiongozwa na Dmitry Titov, Mrusi aliyekuwa ofisa mkubwa wa zamani wa UN, na muhtasari ukatoka Machi 2018. Walisema dalili zote zinaelekea kwa ADF. Kisha wakasema yale yanayouma. MONUSCO haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaondoa walioshambuliwa. Kulikuwa na matatizo ya kamandi na uongozi. Vitu vya lazima vilikosekana, hasa anga, wahandisi na taarifa za kijasusi. Na walitaja pia mapungufu kwenye mafunzo ya askari na namna vituo vilivyokaa. Karibu wakati huohuo yule Jenerali Santos Cruz, kamanda wa 2013, alitoa ripoti yake kuhusu vifo vya walinda amani dunia nzima, akaandika waziwazi kwamba kofia ya bluu na bendera ya UN havimlindi tena mtu kwa asili yake, na kwamba misheni nyingi bado zinafikiri kama ziko kwenye ulinzi wa amani wa zamani ambapo pande zote zimekubali uwepo.

Hebu tulifungue hilo neno mpango wa dharura maana linasomeka haraka sana. Kituo kikizingirwa usiku msituni, maana yake kuna kikosi kingine ambacho kazi yake usiku huo ni kusubiri, wamevaa, magari yana mafuta, wanajua barabara ni moja tu na adui anajua pia kwamba ni moja tu, kwa hiyo atatega watu njiani. Maana yake kuna wahandisi wa kufungua njia ikiwa mti umeangushwa au daraja limeharibiwa. Maana yake kuna helikopta na rubani mwenye ruhusa na vifaa vya kuruka usiku, na hapa ndo penye tatizo kubwa la UN, maana helikopta nyingi za UN ni za kukodi, wafanyakazi wa kiraia, hawalazimiki kuingia kwenye risasi na wala siwezi kuwalaumu, na zile za kijeshi zina masharti ya nchi zinazozimiliki. Nani anatoa amri ya kuruka? Kamanda wa brigedi? Goma? Kinshasa? Ikiwa jibu linatafutwa wakati kijana anavuja damu basi mpango haukuwepo, kulikuwa na faili tu. Na maana yake ya mwisho, hayo yote mlishayafanya kwa mazoezi mkiwa pamoja, Mtanzania anayeita, Mmalawi anayekuja, Mwafrika Kusini anayeruka, FARDC anayefunga barabara upande wa pili, mkayafanya usiku, na mvua, na redio moja imekufa kwa makusudi.

Hapa sasa ndo narudi kwenye mazoezi. Namna brigedi kama hii inavyotengenezwa, kila nchi inaandaa watu wake kwao. Sisi tuna chuo cha ulinzi wa amani Kunduchi na viwanja vya mazoezi kama Msata, Waafrika Kusini wanakusanyika De Brug karibu na Bloemfontein, Wamalawi kwao. Wanafundishwa kanuni za UN, sheria za vita, ulinzi wa raia, vyote vizuri. Halafu wanaonana Congo. Kwa mara ya kwanza, wakiwa tayari kazini. Na kila zamu ikiisha wanarudi nyumbani na ujuzi wao wa kufanya kazi na jirani unarudi nao, wanakuja wengine wanaanza upya kujifunza ofisa wa mizinga wa upande ule anaitwa nani. Yapo mazoezi makubwa ya kikanda, SADC walifanya zoezi la Golfinho mwaka 2009 huko Lohatla, Afrika Kusini, Afrika Mashariki tuna Ushirikiano Imara ambayo mwaka 2022 ilifanyika Jinja, na hayo yanafanya majenerali na maofisa wafahamiane, jambo lenye thamani sana. Ila yule koplo atakayekaa Semuliki hajawahi kumwona Mmalawi. Maoni yangu, na nayasema kwa moyo wote, wiki mbili za batalioni tatu zinazoelekea zamu moja kukaa uwanja mmoja kabla ya kupanda ndege, wakafanyia kazi usiku tu, mizinga na kuokoa majeruhi tu, zingefaa kuliko sherehe yoyote ya kufunga.

Halafu ikaja Kididiwe. Katikati ya Novemba 2018, karibu mwaka mzima baada ya Semuliki, FIB na FARDC waliingia kwenye ngome ya ADF karibu na Beni. Mapigano yakawa makali, ikafika mahali kikosi kinarudi nyuma chini ya risasi. Koplo mmoja wa Tanzania alikuwa amepigwa, kalala hawezi kutembea, yuko wazi kabisa mbele ya adui. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi akamwona. Sio mtu wa batalioni yake, sio mtu wa nchi yake, pengine hata lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiingereza cha kuokoteza. Alimfuata, akamburuta hadi mahali penye kinga, akaanza kumfunga jeraha, na akiwa kwenye kazi hiyohiyo akapigwa yeye. Mtanzania akapona. Chitete hakupona. Siku zile walikufa Wamalawi kadhaa na Mtanzania mmoja. Mei 2019 familia ya Chitete ilikabidhiwa New York nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeokoa watu Rwanda mwaka 1994, inayotolewa kwa ujasiri wa kipekee.

Nimesoma kisa cha Chitete mara nyingi sana na kila mara nasimama kwenye mkono unaoburuta. Yule kijana alijibu lile swali la mwanzo, nani anakuja, kwa sekunde chache, bila kupiga simu Lilongwe. Lakini pia, na hili lazima lisemwe kwa heshima yake, alilazimika kulijibu kwa mwili wake, na tukiishia kumsifu tu tukaacha kuuliza helikopta ilikuwa wapi tutakuwa hatujamtendea haki.

Yaliyofuata mnayajua. M23 ikarudi mwishoni mwa 2021. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kikaingia Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kusema hakipigani. Desemba 2023 hiyohiyo nchi zilezile tatu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, zikarudi kwa mwavuli wa SADC, SAMIDRC, safari hii bila kofia za bluu, na Rooivalk za 2013 hazikuwepo juu yao. Adui naye siyo yule wa 2013, ana silaha bora zaidi. FARDC nayo haikuwa ile ya Bahuma na Ndala. Januari 2025 Sake ikaanguka, Goma ikaanguka, uwanja wa ndege ukafungwa. Afrika Kusini pekee ilipoteza wanajeshi 14, Malawi na Tanzania nao wakazika watu wao, na waliobaki wakakaa wiki nyingi ndani ya kambi zao katikati ya mji unaoshikiliwa na waliokuwa wanapigana nao. Machi 13, 2025 wakuu wa SADC wakaamua misheni iishe. Mwisho wa Aprili malori yakaanza kutoka Goma, yakapita ardhi ya Rwanda kwa barabara, yakavuka kuingia Tanzania hadi Chato, na vijana wa nchi tatu wakashuka pale na vifaa vyao kusubiri ndege ya kwenda makwao.